Shaka Katika Imani ya Kikristo: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Mtu mmoja anasema, "Siku hizi nina mashaka na imani yangu." Ukimwuliza taratibu, unagundua hajalala usingizi wa kutosha kwa miezi miwili. Mwingine anasema maneno hayohayo, ila linalomsumbua ni kwamba Injili nne hazisimulii asubuhi ya ufufuo kwa namna moja. Wa tatu amezika mtoto. Ukiwapa wote jibu moja, "Ongeza maombi, soma Neno," utakuwa umegawa kidonge kimoja kwa wagonjwa wa magonjwa matatu, na yule atakayezidiwa atadhani kosa ni lake.

Kiswahili kinaujua utata huu. Shaka ni kukosa hakika. Mashaka ni wingi wa shaka, lakini pia ni taabu: mtu aliyepatwa na mashaka ni mtu aliyeteseka. Kisha kuna wasiwasi, ule mnong'ono usiokoma ndani ya kichwa hata mtu akishapewa jibu. Mara nyingi anayesema "nina mashaka" ana kimoja kati ya hivyo vitatu, au viwili kwa pamoja, na kila kimoja kina njia yake.

Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata dalili, jinsi watu wanavyozisema wenyewe. Nenda moja kwa moja kwenye yako, lakini pitia kwanza sehemu mbili zinazofuata.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Ondoa hofu kwamba kuona shaka ni sawa na kumkana Kristo. Mathayo 28:17 inaeleza wanafunzi wakiwa mlimani mbele ya Yesu aliyefufuka: "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Yohana Mbatizaji, aliyemwona Roho akimshukia Yesu pale mtoni, alituma watu kutoka gerezani wakaulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumkemea. Aliwaambia wale wajumbe warudi wamweleze Yohana waliyoyaona na kuyasikia, na walipokwisha kuondoka akamsifu Yohana mbele ya umati kuliko alivyomsifu mtu mwingine yeyote.

Najua utaniuliza kuhusu Yakobo 1:6, pale mwenye shaka anapofananishwa na wimbi la bahari. Soma mpaka mstari wa 8. Yakobo anamsema mtu wa nia mbili, anayemwomba Mungu hekima huku ameshikilia njia nyingine pembeni. Neno la Kiyunani alilotumia lina maana ya kugawanyika. Yule baba wa Marko 9:24, aliyelia "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," alikuwa na imani haba lakini nia moja, naye alipewa alichoomba.

La pili, usifanye uamuzi mkubwa wiki ya kwanza. Usitangaze kwamba umeacha imani, na usijilazimishe kusimama kutoa ushuhuda usiouamini ili watu wasigundue. Yote mawili yatakufunga mikono baadaye. Kama unafundisha au unahubiri, omba mapumziko mafupi kwa kiongozi unayemwamini.

MASWALI YA KUPIMA

Chukua karatasi uandike majibu. Ukiyazungusha kichwani tu, yatachanganyika.

Lilianza lini, na katika miezi mitatu kabla ya hapo kulitokea nini? Msiba, kuhama, kujifungua, kuachwa, kufukuzwa kazi, kitabu, rafiki mpya? Linapanda saa ngapi: usiku, katikati ya ibada, au ukiwa peke yako? Ungependa jibu liwe lipi?

Swali la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote: ukipata jibu zuri, shaka linapungua, au linageuka kuwa swali jingine papo hapo? Shaka la akili hupungua likijibiwa. Shaka linalobadilisha sura kila linapojibiwa huwa limetumwa na kitu kingine kilicho chini yake, na hoja hazitalifikia.

"NAOMBA, LAKINI NI KAMA NAONGEA NA UKUTA"

Anza na mwili. Najua wengi wataona ni jibu la chini, lakini ndivyo Mungu alivyoanza na Eliya. Katika 1 Wafalme 19, nabii aliyekuwa ameshuhudia moto ukishuka juu ya mlima Karmeli alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Malaika hakumpa hoja wala hakumkumbusha Karmeli. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, kwenye mlima Horebu, baada ya safari ya siku 40. Kwa hiyo kama unafanya kazi usiku na mchana, unanyonyesha, unauguza mtu, au umetoka kuugua, usiipime hali ya roho yako kwa wiki mbili au tatu. Lala. Kula kwa wakati. Sala iwe fupi, hata Baba Yetu moja tu, kisha angalia tena.

Usingizi na chakula vikirudi na ukavu ukabaki, jiulize kama ukavu ni wa maombi pekee au ni wa kila kitu. Kama hata muziki, watoto, kazi uliyoipenda na marafiki vimepoteza ladha, na hali hiyo imedumu zaidi ya wiki mbili, huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa unaotibika. Nenda hospitali ukaseme dalili zote. Ukifikia kutamani kufa, mwambie mtu leo, na utafute daktari leo.

Lipo pia jambo la tatu, ambalo makanisa mengi yameacha kulifundisha. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, ambaye watawa wenzake walimfunga huko Toledo kuanzia 1577 mpaka alipotoroka 1578, alieleza kwamba Mungu huwaondolea watu utamu wa sala ili wajifunze kumpenda yeye kuliko utamu wenyewe. Aliacha alama za kupambanua. Mtu aliyepoa hajali kwamba amepoa, na anaendelea kufurahia mambo mengine. Aliye katika hali hii, ambayo Yohane aliiita usiku wa giza, hapati ladha kwingine pia, na moyo unamuuma kwa kudhani kwamba anarudi nyuma. Yohane alijua kwamba huzuni ya kiugonjwa inaweza kufanana na hali hii, ndiyo maana alitaka alama zote zitazamwe kwa pamoja, na ndiyo maana nami nimemtanguliza daktari.

Mama Teresa wa Kalkuta alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa miaka kumi baadaye, watu walishangaa kuona kwamba kwa miongo kadhaa aliomba bila kuhisi uwepo wa Mungu, huku akihudumia wanaokufa kila siku. Wengine walisema alikuwa mnafiki. Mimi naona kinyume chake kabisa: aliahidi, akatimiza ahadi gizani.

Cha kufanya katika hali hii: punguza maneno, shika ratiba. Tumia sala zilizoandikwa na wengine, hasa Zaburi, siku ambazo huna maneno yako. Usihame kanisa kwa sababu tu jirani anaimba akitoa machozi na wewe hutoi.

"NILIOMBA, NA HAKUPONA"

Hapa ndipo mashaka ya aina mbili hukutana, ya taabu na ya kukosa hakika. Na hapa ndipo watu huumizwa zaidi na wafariji.

Mimi nilipitia hapa baada ya kumzika dada yangu. Tulifunga, tukaomba, tukatangaza uponyaji wake kwa sauti, tukamzika. Mtu mmoja aliyekuja msibani alisema huenda kati yetu kulikuwa na mwenye imani yenye ufa. Kwa karibu mwaka mzima nilikaa ibadani nikishindwa kufungua kinywa wakati wa nyimbo. Sikuwa nimeacha kuamini kwamba Mungu yupo. Niliacha kuamini kwamba ni mwema, na hilo ni baya zaidi.

Kilichonisaidia kwanza kilikuwa swali gumu: nani aliniahidi kwamba dada angepona? Nilirudi kwenye Maandiko kutafuta ahadi ile, nikakuta niliipata kwenye mahubiri. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha," na mwiba ukabaki. Yesu mwenyewe huko Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akakinywa. Waebrania 11 ina orodha ya waliofunga vinywa vya simba kwa imani, lakini kuanzia katikati ya mstari wa 35 inageuka: wengine waliteswa, wakapigwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, na hao nao wanatajwa kuwa walishuhudiwa kwa imani yao ileile. Kama imani yako ilijengwa juu ya fundisho kwamba mwenye imani ya kutosha hapotezi kitu, basi kilichovunjika ni fundisho hilo. Lilistahili kuvunjika. Naumia kwamba linavunjika msibani, wakati mtu hana nguvu ya kupambanua.

Kisha kulia. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, na watu wa Mungu wameyaimba kwa zaidi ya miaka 2,000. Zaburi 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi 88 haina mwisho mwema, inafunga kwa giza, na bado ikawekwa ndani ya kitabu cha sifa. Ayubu alisema mambo makali kiasi cha kuwatisha rafiki zake, nao walijitahidi kumtetea Mungu. Mwishoni, Ayubu 42:7, Mungu anawakasirikia watetezi wake na kusema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu.

Fanya hivi: chukua Zaburi 13, ambayo ni mistari sita tu, uiandike upya kwa habari yako. Malalamiko yake yaandike kama malalamiko yako, kwa jina la mtu uliyempoteza. Ombi lake liwe ombi lako. Mistari miwili ya mwisho, ile ya kutumaini, ukishindwa kuiandika iache wazi. Rudi baada ya mwezi. Mimi nilirudi mara nne kabla ya kuijaza.

Kuhusu swali la "kwa nini": wapo wanafalsafa wa Kikristo walioandika vizuri juu ya uovu na uhuru wa mwanadamu, nao wanastahili kusomwa, lakini si wiki ya mazishi. Na ujue kwamba Ayubu hakuambiwa sababu. Msomaji anajua yaliyosemwa mbinguni katika sura mbili za kwanza. Yeye hakuwahi kuelezwa. Alichopewa ni Mungu kuja mwenyewe. Wengine wataona hilo halitoshi. Kuna siku nami niliona halitoshi.

"NIMESOMA JAMBO, SASA SIJUI KAMA BIBLIA NI YA KWELI"

Shaka la akili linataka kazi ya akili. Ukilikemea kama pepo litanyamaza mbele za watu na kukua faraghani. Vijana wengi wamepotea kwa sababu walipouliza walijibiwa kwa kuwekewa mikono kichwani.

Hatua ya kwanza ni kuliandika swali kwa sentensi moja. "Biblia ina makosa" si swali bado. "Kwa nini Mathayo na Marko wanasimulia malaika au kijana mmoja kaburini, na Luka na Yohana wanasema wawili?" ni swali. Utashangaa ni mangapi yanakwisha au kupungua uzito yakilazimishwa kuwa sentensi moja.

Hatua ya pili ni kuuliza: linagusa nguzo au linagusa kuta? Paulo mwenyewe alionyesha nguzo ilipo. "Kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure." Aliyaandika hayo kwa Wakorintho yapata mwaka 55, miaka 25 hivi baada ya msalaba, naye hapo anarudia mapokeo ambayo yeye mwenyewe alikuwa amekabidhiwa: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa (yaani Petro), kisha wale Thenashara (wanafunzi kumi na wawili), kisha ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa bado hai. Kama unataka kuupima Ukristo, pima hapo. Ni haki yako, na Paulo ndiye aliyekualika.

Tofauti za Injili ni za kweli, usimwamini anayesema hazipo. Lakini angalia zinakokubaliana: kaburi tupu, siku ya kwanza ya juma, Mariamu Magdalene akiwa kati ya waliotangulia kufika. Katika jamii ambayo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa, mtunzi wa hadithi asingemweka mwanamke mbele. Hoja hii haimalizi kila swali, lakini inakuambia kwamba tofauti ya idadi ya malaika haiangushi nyumba.

Wapo wanaoshtuka kusikia kwamba Marko 16:9-20 na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, havimo katika nakala za kale zaidi tulizo nazo. Ni kweli, na Biblia nyingi zinaeleza hivyo katika tanbihi ambayo hatuisomi. Nakala za Kiyunani za Agano Jipya, nzima na vipande, ni zaidi ya 5,000, ndiyo maana tofauti zinaonekana na zinaweza kuchunguzwa. Kinachouma hapa, nadhani, ni kuhisi kwamba ulifichwa. Hasira hiyo ina haki yake. Ila ni hasira juu ya walimu, na usiihesabu kama hoja dhidi ya Kristo.

Kuhusu sayansi: wazo kwamba ulimwengu unapanuka kutoka mwanzo mmoja lilipendekezwa kwa sehemu kubwa na Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, ambaye alichapisha hesabu zake mwaka 1927. Na karne 15 kabla yake Augustino, akiandika juu ya kitabu cha Mwanzo, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mbingu na nchi kwa kisingizio cha Maandiko, kwa sababu anayeyajua mambo hayo atawacheka, kisha atakataa kuwaamini hata wakimwambia habari za ufufuo.

Huyu Augustino ni mwenzako. Alizaliwa Afrika Kaskazini mwaka 354, akaishi kwa miaka tisa hivi kati ya Wamani, dhehebu lililojidai kujibu kila swali kwa akili. Alipokuwa na maswali mazito aliambiwa asubiri aje kiongozi wao Faustus, ndiye mwenye majibu. Faustus akaja. Alikuwa na ulimi mtamu, na hakuwa na majibu. Baadaye huko Milano Augustino alianza kumsikiliza askofu Ambrosi kwa kupenda tu ufasaha wake, akagundua kwamba Maandiko aliyoyadharau yanasomeka kwa njia ambayo hakuwahi kufundishwa. Alibatizwa mwaka 387. Jifunze mambo mawili kwake. Usichukue kimya cha mwalimu mmoja kuwa kimya cha imani nzima. Huenda mchungaji wako ni mtu wa Mungu kabisa na hajui Kiyunani. Na usione aibu kwamba linachukua miaka.

Hatua ya mwisho: soma upande wa pili kutoka kwa mwandishi wake bora, kisha soma jibu bora la Mkristo. Video za dakika tatu, za upande wowote, ziache. Jiwekee muda, mfano saa mbili kwa juma, halafu funga daftari. Shaka linalosomwa saa saba za usiku kila siku linageuka kuwa wasiwasi, na hapo unahama kwenda dalili inayofuata.

"MAWAZO YA KUKUFURU YANANIJIA BILA KUYAITA"

Picha chafu wakati wa Ekaristi. Tusi kwa Roho Mtakatifu linalojirudia ndani ya kichwa. Wazo la kwamba umemkana Yesu, na kwamba lazima utubu tena, tena, mpaka toba iwe "safi". Anayepata haya huwa ni mtu anayemcha Mungu sana, na anatetemeka kumwambia yeyote.

John Bunyan, mhubiri wa Uingereza wa karne ya 17, alisimulia jinsi wazo la kumuuza Kristo lilivyomwandama kwa muda wa mwaka mzima: akila, akiinama kuokota pini, akikata kuni, lilikuwa likigonga tu, "muuze, muuze." Alikaribia kuvunjika. Leo madaktari wa akili wanaitambua hali hii, mawazo ya kulazimisha yanayozaa matendo ya kujituliza, na wana matibabu yake.

Jinsi ya kuitambua: wazo linakuchukiza, hulitaki, na kila unapolipinga linaongezeka. Kulipinga ndiko kunakolilisha. Kwa hiyo usilijibu wala kulitubia, na usirudie sala ili kulifuta. Liache lipite kama kelele za barabarani, endelea na sala ulipokuwa. Hilo ni gumu kulifanya peke yako, ndiyo maana nakusihi utafute daktari wa afya ya akili au mshauri anayeijua hali hii, na kiongozi wa kiroho atakayekubali kutokukuhakikishia kila saa.

Na ile dhambi isiyosameheka, ya kumkufuru Roho Mtakatifu? Marko 3:30 inaeleza Yesu alisema hayo kwa nini: waandishi walikuwa wakiiona kazi njema ya Mungu kwa macho yao na kuiita ya pepo mchafu, wakiwa wamekaza shingo. Mtu anayelia usiku akiogopa kwamba ameitenda hafanani nao.

"SIJUI KAMA NIMEOKOKA KWELI"

Mtu ameitikia mwito wa kwenda mbele kuokoka mara tano, kila mkutano wa injili anasema sala ya toba upya, na baada ya wiki mbili hofu inarudi. Chanzo mara nyingi ni kupima wokovu kwa nguvu ya siku ile: nililia kiasi gani, nilimaanisha kiasi gani. Kipimo hicho hakina mwisho. Yohana 6:37 haisemi lolote juu ya jinsi unavyokuja; inamsema anayepokea: "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Na 1 Yohana 3:20 iliandikwa kwa ajili ya moyo unaojishitaki: "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote." Acha kurudia sala ya mwanzo. Ishi siku ya leo kama mtu aliyepokewa, na ukianguka leo, tubu la leo.

"SIWEZI KUAMINI TENA BAADA YA WALICHONIFANYIA"

Sadaka zilizoliwa, siri ya maungamo iliyogeuka mahubiri, mwili ulioguswa na mtu aliyeitwa mtumishi. Kwa miaka uliambiwa kwamba sauti yake ni sauti ya Mungu, basi alipokuumiza yeye, ulihisi Mungu ndiye aliyekuumiza. Hilo si shaka la akili, na kukuletea hoja za ufufuo wakati huu ni ukatili.

Kama kilichotendeka ni kosa la jinai, kipeleke kwenye vyombo vya sheria. Kusamehe hakumfutii mtu kesi, na hakuna andiko linalokutaka urudi kukaa chini ya mkono uliokupiga. Kisha, ukipata nguvu, soma Ezekieli 34, Mungu akiwahukumu wachungaji wanaojilisha wenyewe na kuvaa manyoya ya kondoo. Soma Mathayo 23. Utakuta kwamba aliye upande wako kwa hasira kubwa zaidi ndiye uliyedhani aliwatuma. Unaweza kuhitaji miezi ya kukaa kiti cha nyuma katika kanisa jingine, bila huduma, bila kumwambia mtu jina lako kamili. Kaa.

"LILIANZA SIKU NILIPOTAKA JAMBO FULANI"

Hili nalitaja kwa ufupi, kwa sababu linatumiwa vibaya: wapo wanaodai kila mwenye shaka anaficha dhambi. Si kweli. Lakini wewe peke yako, mbele za Mungu, unaweza kujibu lile swali: ungependa jibu liwe lipi? Kama maswali juu ya Maandiko yalianza wiki ileile ulipoanza uhusiano unaouficha au fedha zisizo zako, shughulikia hilo kwanza. Maswali yako yanaweza kuwa mazuri bado. Utayauliza vizuri zaidi baadaye.

KAMA UMEJARIBU YOTE NA LIMEBAKI

Itawezekana. Rudi pale mlimani, Mathayo 28. Baada ya kusema kwamba baadhi waliona shaka, Mathayo hasemi kwamba Yesu aliwatenga. Aliwakaribia, akawatuma wote pamoja kwa mataifa. Tomaso naye, siku nane baada ya kusema hataamini bila kuzitia vidole kovu za misumari, alikuwa bado amekaa ndani na wale wenzake. Hawakumfukuza, naye hakuondoka. Ndipo Yesu alipokuja, milango ikiwa imefungwa.

Kwa hiyo kaa ndani. Pokea Meza ya Bwana kama kanisa lako linakuruhusu. Tenda unachokijua tayari kuwa ni kweli: mtembelee mgonjwa, lipa deni, samehe jirani. Yohana 7:17 inasema kujua hufuata kutenda, "Mtu akipenda kuyatenda mapenzi yake, atajua habari ya yale mafunzo." Na mwambie mtu mmoja tu, si kundi zima.

UKIWA WEWE NDIYE UNAYEAMBIWA

Yuda, katika waraka wake mfupi ndani ya Agano Jipya, aliandika agizo la maneno machache: "Wahurumieni wengine walio na shaka." Basi mtu akikujia, usishtuke kwa uso. Usimtajie nani mwingine aliyewahi kuanguka hivyo. Usianze kuomba kwa sauti kubwa kabla hajamaliza sentensi. Mwulize tu, "Lilianza lini?" kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu, umwache aseme.